Stroberi Dodoma: Chagua jirani asiyemaliza maji yako

Stroberi ni tunda la nchi za baridi, na Dodoma haijawahi kuhesabiwa miongoni mwa maeneo yake. Hapa nchini tunda hili limezoeleka zaidi Lushoto na katika nyanda za juu kusini, na kwa majirani zetu wa Kenya hulimwa sehemu za ubaridi kama Limuru. Lakini tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji umepanuka na hoteli zimeongezeka. Si ajabu basi mwenye bustani ndogo nyuma ya nyumba yake, eneo la Nkuhungu au Kisasa, akajiuliza kama naye anaweza kuvuna kikapu cha stroberi akakiuza.

Jibu ni kwamba inawezekana, ila kwa kiasi kidogo na kwa kufuata msimu. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba mafanikio hayategemei mche wa stroberi peke yake. Yanategemea pia mimea iliyo jirani na mche huo. Wataalamu huita utaratibu huu upandaji wa mazao rafiki, yaani kuweka pamoja mimea inayosaidiana na kutenganisha ile inayodhuriana.

Si jambo geni kwa Wagogo

Mkulima wa Dodoma haanzi kujifunza utaratibu huu leo. Kwa miaka mingi shamba la mtama au uwele limechanganywa na kunde, karanga, njugumawe na maboga. Maboga hufunika udongo usipigwe na jua. Karanga na kunde huchokoza mbegu za kiduha zichipue mahali ambapo haziwezi kupata chakula, zikafa. Katika miaka ya 2010, mradi wa Africa RISING ulifanya majaribio wilayani Kongwa ya kupanda mahindi pamoja na mbaazi na miti ya gliricidia, ili kurutubisha udongo na kuzuia upepo.

Tatizo huja tunapochukua orodha ya mazao rafiki kutoka Ulaya au Marekani na kuipanda kama ilivyo. Orodha hizo husema stroberi hupenda kukaa na maharage, saladi, spinachi, vitunguu na maua ya kila aina. Huko mvua hunyesha hata kiangazi, na swali la nani anakunywa maji ya nani halina uzito mkubwa. Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine yote kila mmea ulio kwenye tuta unakunywa maji uliyoyabeba au kuyalipia.

Kongwa yenyewe ni ukumbusho. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha hapo mpango mkubwa wa karanga kwa mitambo na mamilioni ya pauni, bila kuujua vizuri udongo wala mvua ya eneo hilo. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua ikapungua, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Bustani ya nyumbani ni ndogo, lakini kanuni ni ileile: pima kwanza mahali pako, ndipo ufuate ushauri wa mbali.

Kwanza pima chumvi

Kabla ya kufikiria jirani wa stroberi, fikiria maji. Sehemu nyingi za Dodoma hutumia maji ya visima yenye chumvi, na stroberi ni miongoni mwa mazao yasiyovumilia chumvi hata kidogo.

Kwa mujibu wa vipimo vinavyotumiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), mavuno ya stroberi huanza kushuka chumvi ya udongo inapozidi desisimensi 1 kwa mita. Ikifika 2.5, nusu ya mavuno imepotea. Katika kipimo hichohicho cha 2.5, nyanya ndiyo kwanza inaanza kuathirika. Kunde huvumilia hadi 4.9 na mtama hadi 6.8. Kwa hiyo usiseme maji yako ni mazuri kwa sababu tu nyanya za jirani zimestawi.

Maji ya kumwagilia stroberi yasizidi desisimensi 0.7 kwa mita. Muulize afisa ugani wa kata yako akuelekeze kwenye maabara ya kupima. Wakati unasubiri majibu, unaweza kufanya jaribio rahisi. Panda maharage machache kwenye kopo lenye tundu chini, uyamwagilie maji hayo kwa wiki tatu au nne. Maharage nayo huanza kuumia kwenye kipimo kilekile cha 1. Ukiona kingo za majani zimeungua na kukauka, au ukoko mweupe juu ya udongo, usinunue miche ya stroberi kwa kutegemea maji hayo. Jaribio hili halichukui nafasi ya maabara, lakini linaweza kukuokoa na hasara.

Maji ya mvua hayana tatizo hilo. Paa la mita za mraba 50, mvua ikiwa milimita 500, hupokea lita 25,000. Hata theluthi moja ikipotea, zinabaki zaidi ya lita 16,000. Tanki la lita 5,000 lililojaa mwezi Aprili linatosha tuta dogo kiangazi kizima, kama tutakavyoona hapa chini.

Samadi pia ina chumvi. Dodoma ni mkoa wa ng'ombe na samadi haina shida kupatikana, lakini iwe imeoza vizuri na isizidi kiasi. Samadi mbichi huunguza mizizi ya stroberi, ambayo mingi iko juujuu tu ya udongo.

Jirani wa kwanza: kitunguu saumu

Adui mkubwa wa stroberi mahali penye joto, ukavu na vumbi ni utitiri mwekundu. Ni mdudu mdogo sana, hukaa chini ya jani na kunyonya maji yake. Jani huwa na madoa ya njano, kisha rangi ya shaba, na mwisho utaona utando mwembamba. Kiangazi cha Dodoma ndiyo hali anayoipenda.

Kitunguu saumu ni rafiki mwenye ushahidi. Utafiti uliofanyika Brazil na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa saumu ikipandwa katikati ya stroberi, idadi ya utitiri hupungua. Mmea huu una majani membamba yasiyoleta kivuli na hauchukui nafasi kubwa. Mbegu yake ni punje za sokoni, na nyingi hutoka Mbulu mkoani Manyara. Kwa joto la Dodoma vichwa vinaweza kuwa vidogo, lakini hapa hatukuipanda kwa ajili ya vichwa. Aidha, saumu haiui utitiri wote. Endelea kukagua chini ya majani kila wiki, ng'oa yaliyoathirika, na uyaoshe majani asubuhi kwa maji safi ili kuondoa vumbi.

Jirani wa pili: mbaazi, lakini kwa umbali

Stroberi hustawi vizuri katika nyuzijoto kati ya 15 na 26. Mchana wa Dodoma huzidi hapo, na pepo kavu za kiangazi kutoka mashariki na kusini mashariki hukausha majani upesi. Mbaazi zilizopandwa Desemba huwa zimerefuka ifikapo Mei. Mstari wa mashariki huvunja upepo, na mstari wa magharibi huleta kivuli jua la alasiri linapokuwa kali.

Mizizi ya mbaazi huenda chini sana, hivyo haigombanii sana maji ya juu ambayo stroberi hutegemea. Hata hivyo, usiiweke ndani ya tuta. Acha angalau mita moja na nusu, ili stroberi ipate jua la asubuhi. Kivuli cha siku nzima huleta majani mengi na matunda machache. Mbaazi utakazovuna ni faida ya ziada kwa jikoni.

Jirani wa kupita: saladi na spinachi

Miche ya stroberi inapokuwa midogo huacha nafasi tupu kwa wiki kadhaa. Hapo panda saladi au spinachi pembezoni mwa tuta. Mboga hizi hufunika udongo na kuanza kukupa chakula kabla stroberi haijazaa. Lakini ni wageni wa kupita. Stroberi zinapoanza kutoa maua, ziondoe zote, kisha weka matandazo ya nyasi kavu mahali pake. Kagua matandazo mara kwa mara, maana mchwa wa Dodoma hawachelewi.

Nyuki nao ni jirani muhimu. Ua la stroberi lisipochavushwa vizuri hutoa tunda lililopinda, na mnunuzi hulikataa. Mashina matatu au manne ya giligilani au mrihani yaliyoachwa yatoe maua karibu na tuta yanatosha kuwavuta. Usipulizie dawa ya wadudu wakati wa maua.

Maharage je? Orodha za kigeni huyasifu kwa kuleta naitrojeni. Ukweli ni kwamba yakiwa hai huwapa majirani kidogo sana. Faida kubwa huja baada ya kuvunwa na mabaki yake kuozea udongoni. Kwa hiyo panda kunde, ambazo huvumilia chumvi na ukame zaidi, katika tuta hilo msimu kabla ya stroberi, si pamoja nazo.

Majirani wa kuepukwa

Nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili hoho na viazi mviringo visikae karibu na stroberi, wala stroberi zisipandwe mahali vilipotoka karibuni. Mazao hayo huweza kushiriki na stroberi ugonjwa wa mnyauko unaodumu udongoni kwa miaka, na mengi huhifadhi utitiri mwekundu.

Alizeti ni fahari ya Dodoma na Singida, lakini nayo hushikwa na mnyauko huo na hunywa maji mengi. Ibaki shambani. Maua ya bangibangi, ambayo wengi huyapanda kila kona ya bustani, yanasaidia dhidi ya minyoo fundo pale yanapofunika eneo lote kwa miezi kadhaa kabla ya zao kuu. Mashina machache pembeni hayafanyi kazi hiyo, na kiangazi yanaweza kuwa makazi ya utitiri.

Wapo pia wanaofikiria kutumia kivuli cha mizabibu ya uani. Kivuli chake ni kizuri, lakini mizabibu hupuliziwa dawa za ukungu mara kwa mara, na dawa hiyo hudondokea matunda yanayoliwa bila kumenywa. Kama mizabibu yako inapuliziwa, tenganisha.

Tuta la mfano

Chukua tuta la mita 1 kwa mita 5, lililoinuliwa kidogo. Panda mistari miwili ya stroberi, sentimita 30 kutoka mche hadi mche. Hiyo ni kama miche 32. Katikati weka mstari mmoja wa saumu, punje moja kila sentimita 15. Pembezoni weka saladi au spinachi za muda.

Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tukikadiria kuwa tuta hupoteza milimita 5 kwa siku wakati wa kiangazi, tuta hili linahitaji lita 25, yaani ndoo moja kubwa na robo. Kwa hesabu hiyo, tanki la lita 5,000 huchukua siku 200. Sasa ongeza nyanya, alizeti na mchicha kwa sababu tu orodha fulani imesema ni marafiki, uone tanki litaisha lini. Matandazo na kivuli cha alasiri hupunguza matumizi, na mpira wa matone huzuia maji yasipotee njiani.

Kalenda ni hii. Desemba panda mbaazi, na kunde kwenye tuta. Machi vuna kunde na kulaza mabaki. Mwishoni mwa Machi hadi Aprili panda stroberi na saumu, ili mvua za mwisho zisaidie miche kushika. Juni hadi Agosti, miezi ya baridi, ndiyo ya kutegemea matunda. Oktoba joto linapopanda, mavuno hupungua. Hapo lengo ni kuokoa mimea mama na kuotesha machipukizi yanayotambaa kwa ajili ya msimu ujao. Wakazi wa milima ya Mpwapwa na nyanda za juu za Kondoa, ambako kuna ubaridi zaidi, wana nafasi nzuri kuliko wa mjini.

Kabla ya kuuza

Stroberi haingoji mnunuzi. Bila jokofu, tunda lililochumwa asubuhi linatakiwa liuzwe siku hiyohiyo au kesho yake. Mtafute mnunuzi kabla ya kupanda, chuma mapema jua halijapanda, na ziada itengenezwe jamu. Kuku nao wafungiwe, kwa maana hawatofautishi tunda la biashara na la kwao.

Anza na tuta moja. Kila siku andika lita za maji ulizotumia na gramu ulizovuna. Mwisho wa msimu daftari hilo litakuonyesha kama bustani yako inastahili tuta la pili, au kama maji hayo yangekupa fedha zaidi kwenye mchicha.