Fahamu: Kwa nini dawa ya klorini huisha nguvu ikiwa chupani?

Mto Kilombero unapofurika na maji machafu kuingia visimani, klorini ni kinga ya haraka kwa kaya za Ifakara. Lakini dawa iliyokaa muda mrefu huenda isiue vimelea ipasavyo.

Nini hutokea?
Klorini ya maji ni haipokloriti ya sodiamu. Huweza kutengenezwa kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi. Ikiachwa, hugeuka taratibu kuwa chumvi, kloreti na oksijeni kidogo. Joto huharakisha mambo: kila nyuzi 10 za Selsiasi zikiongezeka, kasi huweza kupanda mara mbili hadi nne. Kwa bonde lenye joto kama Kilombero, hilo si jambo dogo. Mwanga wa jua nao huiharibu.

Ikichanganywa na spiriti?
Usithubutu. Klorini na alkoholi iliyomo kwenye spiriti huweza kuzalisha klorofomu na kemikali nyingine zenye sumu.

Ufanyeje?
Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Hifadhi chupa kivulini, ikiwa imefungwa vizuri. Dawa ya kusafishia uliyoizimua kwa maji, tengeneza mpya kila siku.