Dawa Si Chakula cha Kuku

Wafanyakazi wengi, mshahara usipotosha, hufuga kuku wa nyama uani ili wapate cha kuongezea. Jambo hilo ni jema, nasi twalisifu. Lakini liko neno ambalo yafaa tulitazame pamoja, maana halimhusu mfugaji peke yake bali kila mwenye mtoto: nalo ni vitu vinavyotiwa katika chakula cha kuku ili wakue upesi.

Vitu hivyo ni vya namna mbili, wala haifai kuvichanganya. Namna ya kwanza humtimizia kuku mahitaji ya mwili wake. Vitamini D humjengea mifupa. Lisini na methionini hukamilisha protini ambayo mahindi hayana ya kutosha. Na kimeng'enya kiitwacho faitesi hufungua fosforasi iliyofungwa ndani ya nafaka. Atiaye vitu hivi kwa kipimo hamdhuru mtu.

Namna ya pili ni dawa za kuua vijidudu, yaani antibiotiki. Mwaka 1948 huko Marekani, Thomas Jukes wa maabara ya Lederle aliona kwamba vifaranga waliolishwa masalio ya kutengenezea dawa ya Aureomycin walikua upesi kuliko wenzao. Mwaka 1951 serikali ya nchi hiyo iliruhusu dawa za namna hiyo zitiwe katika chakula cha mifugo, na desturi ikaenea.

Faida ilionekana mara moja, hasara ilijificha. Dawa kidogo kidogo ya kila siku huua vijidudu dhaifu, ikaviacha vile sugu vizaane. Mwaka 1976 Stuart Levy na wenzake walitangaza habari za shamba moja la Marekani ambako kuku walilishwa tetrasaiklini. Baada ya miezi michache vijidudu sugu vilionekana hata matumboni mwa watu wa shamba hilo, ingawa hawakumeza dawa hiyo. Basi nani aliye karibu zaidi na hatari, kama si yule ashikaye kuku na kuzoa mavi yao, pamoja na jamaa zake? Wahenga hawakukosea: mchuma janga hula na wa kwao.

Wako watakaosema kwamba pasipo dawa hapana faida. Twawajibu kwa mifano. Uswidi ilipiga marufuku dawa za kukuzia mifugo mwaka 1986. Wafugaji wa kuku wa Denmark waliziacha mwaka 1998; chakula kilichohitajika kiliongezeka kidogo tu, wala vifo havikuzidi. Umoja wa Ulaya wote ukazikataza tangu tarehe 1 Januari 2006.

Shauri letu ni hili. Banda liwe kavu na lenye hewa, maji yawe safi, vifaranga wapate joto, wachanjwe kideri na gumboro kwa wakati wake. Kuku akiugua, aitwe bwana mifugo. Dawa itolewe kwa kipimo, na siku zilizoamriwa zitimie kabla ya kuchinja. Nao wauzao chakula cha kuku waandike waziwazi juu ya gunia yote yaliyomo, ili mnunuzi ajue anachokinunua.

Nyama iliyozidi kidogo katika mizani haiwezi kumlipa mzazi ambaye mtoto wake amelala hospitali, na dawa haimfai tena.