Jahazi Lililouzwa Likiwa Mataruma

Fundi wa jahazi hapokei fedha ya mtu kwa maneno matupu. Mwenye kuagiza chombo hufika ufukoni, akauona mkuku umelazwa, akayahesabu mataruma yaliyosimama, akauliza mbao zitatoka wapi, kalafati itapigwa lini, na chombo kitashushwa majini msimu gani. Baada ya hapo ndipo hutoa sehemu ya thamani, na kila hatua ikikamilika hutoa nyingine. Fundi hupata fedha ya kununulia misumari na kuwalisha vibarua, na mnunuzi hubaki na haki ya kuja wakati wowote kuitazama kazi kwa macho yake.

Kuuza kitu ambacho hakijakamilika, basi, si jambo geni wala si jambo la aibu. Wanazuoni wa fikihi waliyatungia kanuni mauzo ya kutanguliza thamani tangu zama za kale, wakayaita salam. Mnunuzi hulipa leo, na muuzaji hujifunga kukabidhi bidhaa baadaye. Lakini waliyawekea masharti: sifa za bidhaa zijulikane, kipimo chake kijulikane, na siku ya kuikabidhi ijulikane. Likikosekana sharti moja katika hayo, mnunuzi huwa ametoswa katika kiza.

Tumeyatanguliza maneno hayo kwa kuwa tunakusudia kuzungumzia biashara mpya ya asili hiyo hiyo, nayo ni ya michezo ya kompyuta. Msomaji wa makamo yetu aweza kuuliza mambo ya vijana yamefikaje katika safu hii. Yamefika kwa sababu fedha zinazolipwa humo ni jasho la watu, na kwa sababu yaliyowapata wanunuzi wa mchezo uitwao Kerbal Space Program 2 yanaweza kumpata mnunuzi wa bidhaa yoyote inayouzwa kwa ahadi.

Kwanza tuueleze utaratibu wenyewe. Mwezi Machi 1913 na 2013 ni karne moja, na katika karne hiyo namna za kuuza zimebadilika mno. Ila jambo la kutanguliza fedha limebaki lile lile. Ilikuwa Machi 2013 ambapo duka la michezo la Steam, mali ya kampuni ya Valve ya Marekani, lilipofungua mlango wa mauzo ya mapema. Mchezo huwekwa sokoni ungali unatengenezwa. Wanunuzi huucheza, huzitaja kasoro wanazozikuta, na fedha yao humwezesha mtengenezaji kuimaliza kazi. Njia hiyo imezaa matunda mema. Mchezo wa Baldur's Gate 3, wa kampuni ya Larian ya Ubelgiji, uliuzwa hivyo tangu Oktoba 2020 kwa bei kamili, ingawa wanunuzi walipewa sehemu ya kwanza tu ya hadithi. Agosti 2023 mchezo ulikamilika, na wale waliolipa mapema wakapokea mchezo mzima bila ya kuongeza hata senti moja. Njia haina ila. Ila huwa kwa wapitao.

Hata ukoo wa Kerbal wenyewe ulianza kwa heshima. Mchezo wa kwanza ulitungwa Mexico City na Felipe Falanghe, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya Squad, ambayo shughuli yake ya awali ilikuwa matangazo ya biashara. Toleo la kwanza kwa umma lilitoka Juni 2011. Mchezaji hukabidhiwa kiwanja cha kurushia roketi na vijitu vya kijani vyenye macho makubwa, akaanza kuunganisha matangi ya mafuta, injini na mapezi. Roketi yake ya kwanza hulipuka, na ya pili pia. Lakini kanuni za mwendo katika mchezo huo hazikutungwa kwa mzaha. Mchezaji hujifunza kwamba kupanda juu peke yake hakutoshi. Anayetaka kuizunguka sayari bila ya kuanguka hana budi kupata kasi kubwa ya kwenda upande. Vijana wengi waliufahamu mzingo wa satelaiti kwa mchezo huo kabla ya kuusoma darasani, na mwaka 2014 shirika la NASA lilishirikiana na watengenezaji katika nyongeza iliyohusu vimondo.

Mwaka 2013 palizuka mzozo baina ya Squad na wateja wake. Wanunuzi wa mwanzo walikuwa wameahidiwa kwamba matoleo yote yajayo watayapata bure. Walipopata fununu kwamba huenda nyongeza kubwa zikauzwa mbali, wakapiga kelele. Squad ikaamua kwamba kila aliyenunua hadi mwisho wa Aprili 2013 atapewa nyongeza zote bila malipo. Nyongeza ya kwanza ya kuuzwa ilitoka Machi 2018, na wakati huo mchezo ulikuwa umekwisha nunuliwa na kampuni ya Take-Two Interactive ya Marekani. Hata hivyo wanunuzi wale wa zamani walipewa haki yao. Deni la takribani miaka mitano lililipwa na mwenye nyumba mpya. Tunalitaja jambo hili kwa insafu, na pia ili msomaji aelewe kwa nini wateja wale wale waliamini walipoitwa mara ya pili.

Walitangaziwa mchezo wa pili Agosti 2019, katika maonyesho ya michezo nchini Ujerumani, wakaambiwa kwamba utatoka mwaka 2020. Walionyeshwa picha za kuvutia: makoloni katika sayari za mbali, safari za kuelekea nyota nyingine, na wachezaji kadhaa wakirusha roketi kwa pamoja. Kazi ilikuwa mikononi mwa karakana ya Star Theory. Desemba 2019 karakana hiyo ilinyang'anywa mkataba; baadhi ya mafundi wake wakahamia katika karakana mpya ya Intercept Games, iliyoundwa chini ya Private Division, tawi la Take-Two; na mwaka 2020 Star Theory ikafungwa. Siku ya kutoka mchezo ikasogezwa hadi 2021, kisha 2022, kisha 2023. Oktoba 2022 ndipo wateja walipoarifiwa kwamba kitakachotoka ni toleo la mauzo ya mapema, na siyo mchezo kamili.

Toleo hilo lilitoka tarehe 24 Februari 2023, kwa bei ya dola 49.99. Wiki moja kabla yake, watengenezaji walitaja aina ya kompyuta inayohitajika, na kadi ya picha waliyoipendekeza ilikuwa miongoni mwa zile za bei kubwa kabisa. Hata wenye mashine hizo waliona picha zikienda kwa kushtukashtuka. Roketi ndefu zilipinda kama muwa katika upepo. Chombo kilichokwisha tulia katika mzingo kilikutwa njia yake ikibadilika yenyewe, injini zikiwa zimezimwa. Kumbukumbu za safari ziliharibika, na kazi ya jioni nzima ikapotea. Lililowachoma wateja zaidi ni kwamba mambo waliyoyazoea katika mchezo wa kwanza hayakuwamo katika wa pili. Hapakuwa na utafiti wa kisayansi wa kumpa mchezaji lengo, wala joto la kuingia angani wakati wa kurejea. Walilipa bei kubwa kwa mchezo uliokuwa na upungufu kuliko ule waliokuwa nao nyumbani.

Mbele yao ilitandikwa ramani ya kazi zijazo: sayansi, makoloni, safari za nyota, kisha kucheza kwa pamoja. Ramani hiyo ilitaja vituo, lakini haikutaja tarehe. Marekebisho yalikuja kidogo kidogo, na kituo cha kwanza, yaani sayansi, kilifikiwa Desemba 2023, miezi kumi baada ya mauzo kuanza. Tuseme kweli: kazi ile ilikuwa nzuri. Wachezaji waliokuwa wamekata tamaa walirudi, wakasifu, na wengine waliokuwa wakisubiri pembeni wakatoa fedha zao kwa mara ya kwanza.

Hao ndio tunaowasikitikia zaidi. Mwishoni mwa Aprili 2024 serikali ya jimbo la Washington ilipokea taarifa kwamba wafanyakazi 70 wa Take-Two mjini Seattle, ilipokuwa karakana hiyo, wataachishwa kazi mwezi Juni. Wateja walipouliza, waliambiwa kwamba kazi inaendelea na kwamba habari zaidi zitatolewa itakapowezekana. Mwezi Mei mkuu wa kampuni, Strauss Zelnick, alikana mbele ya waandishi wa habari kwamba karakana imefungwa. Juni ikafika, wafanyakazi wakaondoka. Novemba 2024 Take-Two ilitangaza kwamba imeiuza Private Division. Makoloni hayakujengwa, nyota hazikufikiwa, na hakuna wachezaji wawili waliorusha roketi pamoja. Na katika miezi hiyo yote ya ukimya, mchezo uliendelea kuwekwa dukani na kuuzwa.

Wako watakaosema kwamba mnunuzi alionywa. Ni kweli. Duka la Steam huandika wazi kwamba mchezo wa aina hiyo haujakamilika, kwamba waweza usibadilike zaidi, na kwamba asiyeridhika na hali yake ya sasa afadhali angoje. Hatumwondolei mnunuzi wajibu wake. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini maonyo hayo yaliandikwa kwa herufi ndogo katika mlango ule ule uliotundikwa picha za makoloni na nyota. Mteja aliombwa aamini picha wakati wa kulipa, kisha akaombwa akumbuke onyo wakati wa kulalamika. Huko ni kumpimia mtu kwa vibaba viwili.

Watasema pia kwamba kulikuwa na haki ya kurudishiwa fedha. Tangu 2015 Steam huirudisha fedha ya mteja akiomba ndani ya siku 14, na kama hajacheza zaidi ya saa mbili. Ni kanuni njema kwa michezo mingi. Lakini katika mchezo huu saa mbili humalizika mchezaji akingali anajifunza kuiondoa roketi uwanjani. Kasoro ya mzingo unaopungua, au ya kumbukumbu iliyoharibika, humpata aliyekwisha safiri mbali. Jahazi linalovuja halijulikani likiwa gatini. Hujulikana likiwa katika mkondo.

Wala tusiwabebeshe lawama mafundi. Wao hawakupanga bei, hawakuchagua tarehe ya kuuza, na hawakuulizwa karakana ifungwe au isifungwe. Tumesikitishwa na matusi waliyotupiwa na baadhi ya wachezaji, kwani mafundi na wateja wote wawili walikuwa wakingojea neno kutoka kwa mtu mmoja, naye alinyamaza. Hasira ya haki ikielekezwa kwa asiyehusika hugeuka kuwa dhuluma nyingine.

Kwa maoni yetu, kosa halikuwa kuuza mchezo mbichi. Kosa lilikuwa kukusanya thamani ya kitu kizima, kwa ahadi isiyo na siku, isiyo na mdhamini, na isiyo na mtu wa kusimama mbele ya watu na kutamka kwamba kazi imekwisha. Kampuni huweza kushindwa kama mtu anavyoweza kushindwa. Fundi anaweza kuugua, mbao zinaweza kukosekana, mwenye mtaji anaweza kufilisika. Muungwana anaposhindwa humwendea aliyempa fedha, akamweleza, wakaangalia pamoja kilichobaki. Mwenye kunyamaza huku akiendelea kupokea fedha za wengine ametoka katika kushindwa na ameingia katika hadaa.

Yapo yanayoweza kufanywa. Muuzaji wa mapema na alipishe kulingana na kilichomo leo, na bei ipande kadiri kazi inavyosonga. Duka na lifunge mauzo mara tu kazi inaposimama. Mwanzoni mwa 2025 Steam ilianza kuweka tangazo katika michezo ya mapema iliyokaa muda mrefu bila ya marekebisho. Ni hatua njema, ijapokuwa imewachelewa wengi. Na mnunuzi naye asinunue ramani. Na ajiulize: kama kazi ingesimama kesho, nilichokipata leo kingenitosha? Jibu likiwa hapana, fedha na ibaki mfukoni.

Tunawahimiza vijana wetu, ambao kwao maduka haya hayana mipaka ya nchi, walishike hilo. Subira haijapata kumfilisi mtu. Na wale wanaouza kwa ahadi tunawakumbusha maneno ambayo wazee wetu hawakuchoka kuyarudia, kwamba ahadi ni deni. Mataruma yaliyoachwa ufukoni huoza polepole, na kila apitaye huyaona na kuuliza ni kazi ya nani. Atakayetaka kuunda jahazi lingine mahali pale atakuta mkuku wa zamani ungali umelala mchangani, na watu wakisita kutoa fedha.