Meli ya hospitali ya Ziwa Nyasa iliyoishia kuwa baa

MBINGA. Kwa familia inayoishi Liuli, Lituhi au Mbamba Bay, swali hili si la leo wala jana: mama akishikwa na uchungu usiku wa manane, au mtoto akipata degedege, atafikaje kwa daktari?

Zaidi ya miaka 120 iliyopita, jibu mojawapo lilikuwa meli. Iliitwa Chauncy Maples.

Jina hilo ni la askofu wa Likoma aliyezama ziwani mwaka 1895 boti yake ilipopigwa na dhoruba. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliona kwamba boti ndogo hazitoshi kwa ziwa hili, ambalo upepo wa mwera ukivuma hata wavuvi wazoefu hubaki nchi kavu.

Meli mpya iliundwa Glasgow, Scotland, mwaka 1899, ikafunguliwa na kusafirishwa ikiwa vipande 3,481. Ilipita baharini hadi mdomo wa Mto Zambezi, kisha ikapandishwa Mto Shire. Penye maporomoko mto haukupitika. Boila lake la tani 11 liliwekwa juu ya magurudumu na kuvutwa na Wangoni wapatao 450 kwa takriban kilomita 100. Wangoni hao wa upande wa Malawi wana asili moja na Wangoni wa Songea.

Mwaka 1901 meli ikashushwa ziwani. Ilikuwa na urefu wa mita 38 hivi, na ndani yake kulikuwa na huduma ya wagonjwa, darasa na mahali pa ibada. Ilizunguka vituo vya misheni vya mwambao, ikibeba dawa, walimu na wagonjwa. Kazi hiyo ya misheni iliacha alama upande wa Tanzania pia: Hospitali ya Mtakatifu Anna iliyopo Liuli ni ya Kanisa Anglikana hadi leo.

Vita na kuuzwa

Agosti 1914 vita ilifika Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake. Meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Chauncy Maples nayo ilichukuliwa na jeshi la Uingereza. Meli iliyojengwa kubeba wagonjwa sasa ilibeba askari.

Baada ya vita ilirudi misheni, lakini miaka ya 1950 ikauzwa. Baadaye Serikali ya Malawi iliichukua, na mwaka 1967 ikafungwa injini ya dizeli ili ibebe abiria na mizigo. Iliacha safari mwaka 1992. Ikafungwa kamba Monkey Bay, Malawi, na kugeuzwa baa.

Mwaka 2009 iliundwa taasisi ya kuifufua iwe zahanati inayoelea, ipeleke chanjo, dawa za malaria na huduma za wajawazito vijijini. Kazi ilianza, kisha mpango ukakwama kabla meli haijapokea mgonjwa hata mmoja.

Haja iko palepale

Upande wa Tanzania mambo yamebadilika. Lami ya kilomita 66 inaunganisha Mbinga na Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga. Ziwani ipo MV Mbeya II, iliyozinduliwa mwaka 2021, yenye uwezo wa kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo. Lakini meli ina ratiba yake, na uchungu hauna ratiba.

Ndiyo maana wahudumu wa afya husisitiza kila familia iwe na mpango kabla ya siku ya kujifungua: mama atajifungulia kituo gani, nani atamsindikiza, nani atabaki na watoto, na nauli iko wapi. Anayeishi mbali na kituo asogee karibu wiki za mwisho.

Mjamzito akitokwa na damu, akiumwa sana kichwa, akiona ukungu, akipata degedege au homa kali, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, asisubiri kupambazuke. Kadhalika mtoto mchanga anayeshindwa kunyonya, anayepumua kwa shida au mwenye homa.

Kwa dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, piga 115 bila malipo. Huo ni mfumo wa m-mama. Mhudumu husikiliza tatizo, kisha hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na Serikali.

Chauncy Maples haitarajiwi tena kutia nanga Liuli. Namba hiyo ya tarakimu tatu iandikwe kwenye simu ya baba, ya mama na ya jirani, leo kabla ya kulala.