Gondolin na mahandaki ya Marangu

Mwaka 1916 kijana Mwingereza mzaliwa wa Bloemfontein, J. R. R. Tolkien, ambaye baadaye angejulikana kwa hadithi za fantasia, alikuwa vitani Somme, Ufaransa. Machi mwaka huohuo majeshi ya Waingereza chini ya Jan Smuts yaliingia Moshi yakitokea Taveta, na Wajerumani wakarudi nyuma kuifuata reli ya Tanga. Vita ilikuwa moja, Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo kwangu si ajabu chuo cha ng'ambo kuleta wanafunzi Kilimanjaro, likizo ya Juni na Julai, kusoma hadithi za fantasia na vita. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, nao huniomba niwatembeze.

Wengi hudhani fantasia, zile hadithi za majoka na falme ambazo hazikuwahi kuwepo, ni za kuwaliwaza watoto. Lakini Tolkien, akiwa vitani, aliugua homa ya mahandaki inayoenezwa na chawa, akarudishwa kwao Novemba. Rafiki zake wawili wa tangu shule, Gilson na Smith, walikufa kabla mwaka haujaisha. Katika kuugua huko ndipo alipoandika habari za kuanguka kwa Gondolin, mji uliofichwa katikati ya milima. Adui anauvamia kwa majoka ya moto na ya chuma. Wachache wanaokoka kwa njia ya siri chini ya ardhi, ambayo binti mfalme aliamuru ichimbwe mapema kwa sababu moyo wake ulikuwa na wasiwasi.

Hadithi hiyo siifundishi darasani. Tunapanda daladala hadi Marangu, tunaingia kwenye mahandaki ya Wachagga.

Babu zetu waliyachimba ili kujificha Wamasai walipokuja kuteka ng'ombe, na pia wamangi, yaani watawala wetu, walipopigana wao kwa wao. Mlango ni mwembamba, huingii bila kuinama. Ndani kuna mahali pa watu, pa mifugo na pa kupikia, na matundu ya kuvutia hewa. Wazee husimulia kwamba shujaa alikaa gizani karibu na mlango akiwa na rungu, maana anayeingia kwa kuinama hutanguliza kichwa. Udongo ulimwagwa mtoni ili adui asione kifusi. Mwaka jana, tukiwa humo na tochi moja, binti mmoja aliniuliza: "Mwalimu, wenye watoto wachanga walifanyaje wasilie?" Swali hilo nalithamini kuliko insha nyingi nilizowahi kusahihisha. Ukilisoma anguko la Gondolin ukiwa na swali hilo kichwani, unaacha kutazama majoka, unaanza kuwatafuta akina mama.

Kisha tunakwenda Old Moshi, mahali Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli tarehe 2 Machi 1900. Inasimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekidai miaka mingi. Wanafunzi hunyamaza. Kichwa cha mtawala kuvushwa bahari ni jambo ambalo wangelikuta kitabuni wangesema mwandishi ametia chumvi.

Kazi ya mwisho ninayowapa inahusu wapagazi. Tolkien alisema Sam, yule mtumishi mwaminifu katika hadithi ya pete, alitokana na askari wa kawaida aliowajua vitani. Sam anabeba mizigo, anapika, na mwishoni anambeba bwana wake mgongoni mlimani. Huku kwetu Vita Kuu ilibebwa vichwani na migongoni mwa wapagazi, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi zaidi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Mwandikieni mmoja wao safari yake, nawaambia, na mkitaka mpeni hata joka.

Kinachoniuma ni kwamba vijana wa Moshi wenyewe hawaletwi. Shaaban Robert alishatuonyesha njia mwaka 1951 kwa kitabu chake Kusadikika, nchi inayoelea angani ambamo aliweza kushtaki dhuluma ya watawala bila kuwataja. Kitabu hicho kinapatikana, na daladala za Marangu zinaondoka stendi ya Moshi kutwa nzima. Mwalimu yeyote wa sekondari atakayetaka kuwaleta wanafunzi wake, nitamtembeza bure.