Programu ya "kupima simu" inataka meseji zako za nini?

Wadau wa Arusha, swali mnalonitumia sana siku hizi ni hili: simu inastaki, inapata moto ukiwa laivu pale Kilombero unaonyesha mzigo, je, uweke programu ya kupima na kusafisha simu? Mimi nasema angalia kwanza inaomba ruhusa gani.

Programu za aina hii hufanya kazi chinichini. Hata ukitoka, zinaendelea kupima chaji, joto la betri na nafasi iliyobaki. Sasa sikia: kwenye Android, vipimo hivyo vitatu havihitaji ruhusa yako hata moja. Ikitaka kujua ni programu zipi unazitumia zaidi, itakupeleka kwenye Mipangilio uiwashie ufikiaji wa data ya matumizi. Hiyo inaeleweka, ila ujue itaona kila programu unayofungua na muda unaokaa humo.

Ikiomba meseji, simama hapo hapo. PIN yako ya M-Pesa haimo kwenye meseji, sawa. Lakini salio lako limo, majina na namba za wateja waliokulipa zimo, na namba ya tarakimu 6 ya kusajili WhatsApp huja humohumo. Mtu akiipata hiyo na hujaweka PIN ya uthibitishaji wa hatua mbili, anachukua akaunti yako. Kwa wengi wetu WhatsApp ndiyo duka lenyewe. Fikiria wateja wako wa Sakina na Usa River wanaambiwa "tuma kwa namba hii mpya", na aliyeandika siyo wewe.

Mbaya zaidi ni ruhusa ya ufikivu, ile iliyotengenezwa kuwasaidia wasioona. Ukiiwasha, programu inaweza kusoma kilicho kwenye skrini na kubonyeza vitufe badala yako. Kupima betri hakuhusiani kabisa na hilo.

Anwani za simu nazo usizichukulie poa. Waliokopa kwenye programu za mikopo wanajua: unachelewa kulipa, shemeji na wateja wanatumiwa meseji za kukudhalilisha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu taarifa za wateja pia, siyo zako tu. Namba ya mama anayenunua vitenge kwako siyo mali yako ya kugawa.

Fanya hivi leo. Ingia Mipangilio, Programu, chagua hiyo programu, kisha Ruhusa. Zima kila kisichohusu kazi yake. Ikikataa kufanya kazi bila meseji, ifute. Halafu weka PIN ya hatua mbili kwenye WhatsApp, maana kuifuta programu hakurudishi ilichokwisha kutuma.

Kuhusu simu kustaki, mara nyingi nafasi imejaa picha na video za mzigo. Mipangilio ya simu yenyewe, upande wa Betri na Hifadhi, itakuonyesha nini kinakula chaji na nafasi, bila kuweka chochote. Hizo programu za kupima zenyewe zinakula chaji pia. Ukiletewa meseji ya utapeli, iripoti TCRA kwa kuituma 15040.