Mfadhili wa Shule ni Mkulima wa Korosho

Mkulima wa Mnyambe, katika wilaya ya Newala, apelekapo korosho zake katika ghala la chama cha msingi cha ushirika, mzigo wake huuzwa mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kutumika kwa zao hilo katika msimu wa 2007/2008; na siku ya malipo hukuta kwamba bei ya mnada imekwisha kupunguzwa makato kadhaa, yakiwamo ya ushuru wa halmashauri, ya gharama za chama chake cha msingi na za chama kikuu, TANECU kwa Newala na MAMCU kwa Masasi, na aghalabu katika wilaya za korosho huwamo pia mchango wa mfuko wa elimu. Muradi wa makala hii ni kueleza fedha ya namna hiyo huisaidiaje shule ya serikali, na kwa masharti gani msaada huo huwa na baraka.

Yafaa kwanza kuitazama fedha ambayo shule huipata bila ya mfuko wowote. Tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza kutolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, ruzuku ya uendeshaji imekadiriwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na katika hizo 6,000 ndizo zilizopangwa kufika shuleni, ilhali zilizobaki ni za vitabu vinavyonunuliwa kwa pamoja. Basi shule yenye watoto 400 hupata shilingi 2,400,000 kwa mwaka, yaani 200,000 kwa mwezi, na humo humo mwalimu mkuu atafute chaki, karatasi za mitihani, daftari za utawala na ukarabati mdogo. Hakika fedha hiyo ni neema kwa mzazi aliyekuwa akidaiwa michango, lakini haiwezi kupaua darasa, sembuse kujenga nyumba ya mwalimu.

Pengo hilo ndilo lililokusudiwa kuzibwa na Mfuko wa Elimu wa taifa, uliowekwa kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 2001, katika urais wa Benjamin William Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Mfuko huo, unaosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, hutoa ruzuku za madarasa, maabara, mabweni, vyoo na nyumba za walimu, na sheria yake humpa nafuu ya kodi mtu au kampuni inayouchangia. Huko Marekani nako, baada ya wapiga kura wa California mwaka 1978 kuiwekea mipaka kodi ya majengo iliyokuwa ikizilisha shule zao, wenyeji wa miji mingi waliunda mifuko ya kuzisaidia shule za umma za mitaa yao.

Ama mfuko unaotokana na korosho una udhaifu wake, kwa kuwa zao hilo halina ahadi ya kudumu. Wakulima hawajasahau msimu wa 2018, walipozikataa bei za wanunuzi, Serikali ikaamua kuzinunua korosho zote yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wengi wakangoja malipo kwa muda mrefu. Waislamu wa pwani waliijua tangu zamani hekima ya wakfu, ambao asili yake haiguswi bali hutumiwa mazao yake tu. Na mfuko wa wilaya, ijapokuwa si wakfu, ungefuata busara hiyo kwa kuweka akiba katika mwaka wa neema, ili mwaka wa bei mbaya usilikute boma la darasa limefika kwenye lenta na kuachwa hapo kwa misimu mitatu.

Kadhalika, ruzuku njema huanza na haja ya mahali penyewe. Uwanda wa Makonde, ilipo Newala, hauna mito, na maji yake hupandishwa kwa mitambo kutoka mabondeni. Kwa hiyo mifereji ya bati na tangi la kukinga mvua humrudishia mtoto saa za masomo ambazo angezitumia kutafuta maji, na huenda vikafaa kuliko jengo linalopendeza machoni pa wageni.

Katika nchi hii shule za mwanzo za wamisheni zilisimama kwa fedha za mbali. Wamisheni wa Kianglikana wa UMCA waliofika Masasi mwaka 1876, na Wabenediktini walioanza Ndanda mwaka 1906, walitegemea sadaka za Ulaya, na waliwaandikia wafadhili wao taarifa za jinsi sadaka hizo zilivyotumika. Leo mfadhili ni mkulima aliyeinama chini ya mkorosho, na heshima ile ile ni haki yake. Maadamu fedha imekatwa kabla hajaishika mkononi, ni amana, na amana hudai hesabu. Kwa hiyo nawasihi viongozi wa halmashauri na wa vyama vya ushirika wawasomee wananchi, katika mkutano mkuu wa kila kijiji na kabla mnada wa kwanza haujafunguliwa, kilo zilizokatwa mchango, fedha zilizopatikana, shule zilizosaidiwa na salio lililobaki. Nawe msomaji uliye mkulima au mzazi, usiondoke mkutanoni kabla hesabu hiyo haijasomwa.